Jua la Voi na Namba ya Till Kwenye Gari: Usikubali Stika Ikupotezee Pesa

Stika ya till kwenye gari ni kitu kidogo. Ukiiweka kando ya matairi, bima na mafuta, wengi hata hawaihesabu. Lakini kwa biashara ya usafiri inayopokea nauli kwa simu, stika hiyo ndiyo mlango wa pesa. Abiria haijui namba yako kwa kichwa. Anaisoma pale ilipobandikwa, anaiandika kwenye simu, anaweka PIN. Akiisoma vibaya, nauli inaenda kwa mtu mwingine, na wewe umeshamfikisha anakokwenda.

Somo la leo ni la wenye matatu, Probox, tuktuk na boda wanaofanya kazi Mraru, Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, pamoja na abiria wao. Tutaangalia jua linafanya nini kwa stika ya vinili, tarakimu zinavyogeuka bila mtu kugundua, namna ya kuchagua na kutunza stika inayodumu, na la kufanya pesa ikishapotea njia.

Mraru na safari ya nauli

Mraru ina historia yake kwenye mambo ya usafiri. Katika miaka ya 1970, akina mama wa kikundi cha Mraru walichoka kuona mabasi yakiwapita yamejaa huku mazao yao yakingoja kufika soko la Voi. Wakachangishana, wakatafuta mkopo, wakanunua basi lao wenyewe. Mwaka 1980 habari za basi hilo zilichapishwa New York katika vijitabu vya mfululizo wa SEEDS, na zikasomwa na vikundi vya akina mama katika nchi nyingi.

Wakati ule nauli ilikuwa ni noti na sarafu. Abiria alimpa konda mkononi, konda akahesabu, basi. Pesa haikuweza kukosea njia kati ya mkono na mkono. Kisha M-Pesa ikaanza Machi 2007, na Lipa na M-Pesa ikafuata mwaka 2013. Leo kati ya mkono wa abiria na mfuko wako kuna namba. Namba hiyo iko kwenye kipande cha plastiki, na plastiki hiyo inashinda juani kutwa nzima.

Jua linafanya nini kwa stika

Voi iko karibu nyuzi 3 na nusu kusini mwa ikweta. Kila mwaka jua la saa sita linasimama juu ya utosi mara mbili, mwezi wa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na miezi mingine halisogei mbali sana. Mvua ni chache, siku za anga safi ni nyingi. Mchana wa siku kama hiyo, kipimo cha miale ya UV kinaweza kufika 11 na kupita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiita cha hatari ya juu kabisa kwa ngozi. Miale inayounguza ngozi inaunguza stika pia.

Stika nyingi za magari zimetengenezwa kwa PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji. Kwa asili yake PVC ni ngumu. Ili iwe laini ya kubandikika, kiwandani inachanganywa na kilainishi, na pia dawa za kuikinga na jua na joto. Baada ya hapo mambo matatu yanaanza kutokea taratibu.

La kwanza, miale ya UV inavunja plastiki yenyewe. PVC inapovunjika inatoa tindikali ya haidrokloriki kidogo kidogo, na kinachobaki kinageuka rangi kuwa manjano au kahawia. Ndiyo maana stika nyeupe ya zamani inaonekana kama imemwagiwa chai.

La pili, joto linatoa kilainishi. Bodi nyeusi ya gari iliyoegeshwa juani inaweza kupita nyuzi 70 za Selisiasi. Kilainishi kinapotoka, kingine kikienda hewani na kingine kikiingia kwenye gundi, vinili inakakamaa, inasinyaa na kupasuka. Kingo zinainuka, vumbi linaingia chini yake, na hapo gundi imeshashindwa.

La tatu, rangi inapauka. Kwenye stika zilizochapishwa kwa mashine, wino wa manjano na wa waridi kwa kawaida ndio unaotangulia kufa, wa samawati na mweusi unabaki. Ukiona picha kwenye matatu imegeuka yote kuwa bluu-bluu, hiyo ndiyo sababu. Rangi zile za kung'aa sana, kama kijani cha limau na chungwa linalowaka, zinavutia siku ya kwanza lakini hufa mapema kuliko zote.

Halafu kuna vumbi. Udongo mwekundu wa Taita una chembe ngumu. Ukiipangusa stika kavu kwa kitambaa, unaisugua kwa msasa laini kila asubuhi.

Tarakimu zinavyogeuka

Stika ikichanika yote, hakuna hasara kubwa. Abiria anaona haisomeki, anamuuliza konda namba. Hatari iko kwenye stika iliyoharibika nusu, ambayo bado inasomeka lakini inasema namba nyingine.

Chukua herufi za kukatwa, zile ambazo kila tarakimu ni kipande chake kilichobandikwa peke yake. Namba 8 ikibanduka upande wa kushoto inabaki 3. Ikipoteza kona ya juu kulia inafanana na 6. Namba 7 ikipoteza mstari wa juu ni 1. Namba 9 ikibanduka kitumbo inaweza kusomeka 7 au 1. Na kwenye stika ya kuchapishwa iliyopauka, 3, 6, 8 na 0 zote zinaanza kufanana, hasa jioni au abiria akiwa hana miwani.

Namba za till ni nyingi sana nchini. Tarakimu moja ikibadilika, si ajabu kabisa namba mpya iwe ya duka la mtu Kisumu au kinyozi wa Nakuru. Simu ya abiria haitakataa. Itatuma.

Ubaya ni kwamba hasara hii haipigi kelele. Abiria mmoja akikosea kwa siku, mwenye gari anaona tu mapato ya jioni yamepungua kidogo. Anaanza kumshuku konda. Konda naye anajua hajachukua kitu. Watu wamefanya kazi pamoja miaka, wanakosana kwa sababu ya kipande cha plastiki. Kabla hujamfuta mtu kazi, nenda ukasome stika.

Jambo moja zaidi: usirekebishe tarakimu kwa kalamu ya maka. Wino huo unapauka haraka kuliko stika yenyewe. Tena unawazoesha abiria kuamini namba iliyoandikwa kwa mkono, na tapeli naye ana kalamu.

Kuchagua stika inayodumu

Ukienda kwa fundi wa stika, usiulize bei peke yake. Muulize maswali manne.

*Ni vinili ya aina gani?* Ziko aina mbili kuu. Moja inatengenezwa kwa kubanwa na kuvutwa kati ya rola za moto, na kwenye roli lake utaona neno calendered. Ni ya bei nafuu na inafaa kwa sehemu tambarare, lakini kwa kuwa ilivutwa kiwandani, ikipata joto inataka kurudi ilivyokuwa, ndiyo maana inasinyaa. Nyingine inamiminwa ikiwa majimaji kisha inakaushwa, na inaitwa cast. Hiyo ni nyembamba, haina tabia ya kujivuta, na inakaa vizuri kwenye mabonde na misumari ya bodi. Bei yake iko juu, lakini kwa gari linaloshinda juani ndiyo inayofaa.

*Muda ulioandikwa ni wa nchi gani?* Watengenezaji wakubwa hawatoi muda mmoja kwa dunia nzima. Wanaigawa dunia katika kanda za hali ya hewa, na nchi zenye jua kali zinapewa muda mfupi kuliko Ulaya ya kaskazini. Kwa hiyo roli linalosema miaka 5 au 7 halikuahidi hivyo kwa Voi. Na muda huo huwa ni wa stika iliyosimama wima ubavuni. Ukiilaza juu ya boneti au paa, muda unashuka sana.

*Wino ni gani, na kuna laminesheni?* Printa ndogo za ofisini nyingi hutumia wino ambao juani haukai hata wiki chache. Mashine za kuchapishia stika za nje hutumia wino wa aina nyingine kabisa. Juu yake bandika laminesheni, ile karatasi ya plastiki angavu. Laminesheni nzuri ina dawa inayozuia miale ya UV, na pia inapokea mikwaruzo ya vumbi badala ya wino. Kwa stika ya malipo, hili usiliruke.

*Namba itakuwa ya rangi gani?* Nyeusi juu ya nyeupe. Nyeusi ya vinili hupata rangi yake kutoka kwa masizi, na nyeupe kutoka kwa madini ya titani. Zote mbili zinavumilia jua kuliko rangi nyingine. Namba nyekundu juu ya manjano inapendeza, lakini hizo ndizo rangi dhaifu, na zikipauka pamoja haionekani tofauti.

Kwa wenye matatu, hapo hapo kumbuka mstari wa manjano. Kanuni za mwaka 2003 ambazo wengi wanaziita sheria za Michuki zilileta mstari huo ubavuni mwa magari ya abiria. Kama wako ni wa vinili na si wa rangi ya kupaka, nao uko kwenye hatari ile ile. Ukienda kwa fundi kwa ajili ya till, ukague wote kwa safari moja.

Ibandike wapi

Mahali stika ilipo pana uzito sawa na aina ya vinili. Panga hivi, kutoka pabaya hadi pazuri.

Pabaya kabisa ni juu ya paa na boneti. Jua la saa sita linapiga moja kwa moja, na boneti ina joto la injini juu yake. Weka jina la gari hapo ukipenda. Namba ya pesa, hapana.

Ubavuni na mlango wa nyuma ni afadhali, kwa sababu jua la mchana linapita kando. Lakini angalia steji yako. Kama gari linaegeshwa limeelekea upande mmoja kila siku, ubavu unaoangalia magharibi unakula jua la alasiri lote. Utaona stika mbili zilizobandikwa siku moja, moja mpya na moja mzee. Geuza gari mara kwa mara, au tafuta kivuli.

Pazuri zaidi ni ndani. Kioo cha mbele cha gari kinazuia sehemu kubwa sana ya miale ya UV, na vioo vya pembeni vinapunguza kiasi. Nyuma ya kiti, juu ya mlango kwa ndani au ukutani karibu na konda, jua halifiki hivyo, mvua haifiki, na abiria yuko hapo hapo na simu yake. Kwa matatu na Probox, stika ya malipo ikae ndani. Ya nje iwe ni ya tangazo tu. Usiibandike kwenye kioo mahali inapomziba dereva.

Tuktuk haina ukuta, lakini ina mgongo wa kiti cha dereva. Hapo ndipo pake. Kwa boda, jua halina pa kukwepa. Mwendesha boda ni bora awe na kadi ndogo iliyolaminishwa mfukoni amwonyeshe abiria, kuliko kuitegemea stika ya kwenye tangi. Tangi lina joto, linamwagikiwa petroli, na petroli inakula gundi na wino.

Kubandika na kuosha

Stika nyingi zinaanza kufa siku ya kubandikwa. Osha mahali hapo kwa maji na sabuni, kausha, kisha pangusa kwa spiriti ili kuondoa mafuta na nta. Fanya kazi hiyo kivulini, asubuhi au jioni. Bodi likiwa la moto, gundi inashika mara moja kabla hujanyoosha, na unabaki na mikunjo na mapovu. Sukuma hewa kutoka katikati kwenda kingo kwa kadi ngumu. Pembe zikatwe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo inayoinuka kwanza. Usioshe gari kwa siku moja baada ya hapo.

Baadaye, mwagia maji kwanza vumbi liondoke, ndipo usugue taratibu kwa kitambaa laini na sabuni ya kawaida. Usitumie petroli, mafuta ya taa wala waya. Kwa mashine ya presha, usilenge kingo na usisogeze bomba karibu sana, maji yataingia chini na kuibandua.

Stika mpya isibandikwe juu ya ya zamani. Ile ya chini ikiendelea kusinyaa, inaivuta na ya juu. Banda ya zamani yote, safisha gundi, ndipo uweke mpya.

Vipi kuhusu msimbo wa QR?

Mwezi wa Mei 2023 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kiwango cha taifa cha msimbo wa QR kwa malipo. Wateja wengi wanatuuliza kama QR inavumilia jua kuliko namba.

Jibu ni ndiyo, kwa namna fulani. QR ilibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, mahali penye mafuta na uchafu. Kwa hiyo ilipewa uwezo wa kujirekebisha. Kuna viwango vinne, L, M, Q na H. Cha chini kinaweza kurudisha karibu asilimia 7 ya alama zilizoharibika, cha juu karibu asilimia 30. Ukichapisha QR ya gari, mwambie fundi atumie kiwango cha juu.

Tofauti kubwa ni hii: namba ikiharibika inaweza kusomeka namba nyingine, lakini QR ikiharibika kupita kiasi kwa kawaida inagoma kusomeka. Kwa pesa yako, kugoma ni bora kuliko kudanganya.

Lakini QR ina udhaifu wake. Jicho haliwezi kuisoma. Mtu akibandika QR yake juu ya yako, si wewe wala abiria atakayegundua kwa kuangalia tu. Kwa hiyo QR isikae peke yake. Chini yake andika namba ya till kwa herufi kubwa, na chini ya namba andika jina la biashara lile lile linalotokea kwenye simu mtu anapolipa. Si jina la utani la gari. Jina lililosajiliwa. Abiria akiona kwenye simu jina ambalo halipo kwenye stika, anajua hapo hapo kuna shida.

Ukubwa nao: kwa kawaida QR inahitaji upana wa sehemu moja ya kumi ya umbali wa kamera. Abiria akiwa nusu mita kutoka kwenye stika, upana usipungue sentimita 5. Laminesheni isiyong'aa ni bora, ili mwanga usirudi kwenye kamera.

Zoezi: ukaguzi wa dakika tatu

Fanya hivi kila Jumatatu asubuhi kabla ya safari ya kwanza.

1. Pitisha kidole juu ya stika. Ukihisi kingo mbili, moja juu ya nyingine, simama. Huenda kuna stika ya mtu juu ya yako.
2. Simama pale abiria anapokaa. Soma namba kwa sauti, tarakimu moja moja, bila kutegemea kumbukumbu. Wewe unaijua namba yako, ndiyo maana macho yako yanakudanganya. Ni bora asome mtu mwingine, mtoto wa shule anatosha.
3. Lipa shilingi 10 kwa simu nyingine ukifuata stika yenyewe. Kama kuna QR, lipa tena kwa QR. Angalia jina linalotokea, kisha hakikisha pesa imeingia.
4. Angalia kingo, mipasuko na weupe wa stika. Tarakimu moja ikianza kuinuka, siku hiyo hiyo agiza nyingine. Usingoje ianguke.
5. Andika tarehe ya kubandika pembeni, kwa herufi ndogo. Mwaka ukiisha, utajua jua la njia yako linakula stika kwa kasi gani, na hutahitaji kuambiwa na mtu.

Pesa ikishaenda kwingine

Abiria, hili ni lako kwanza. Kabla hujathibitisha malipo, soma jina. Sekunde hizo mbili ndizo ulinzi wako mkubwa. Jina likiwa geni, muulize konda, usione haya. Na malipo yakikamilika, mwonyeshe konda ujumbe kabla hujashuka.

Kama umeshatuma kwa M-Pesa na umegundua kosa, sambaza ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, kutoka kwenye laini iliyolipa. Usingoje ufike nyumbani. Pesa ikiwa bado ipo upande wa pili, nafasi ya kurudishiwa ni nzuri. Ikishatolewa, mambo yanakuwa magumu. Usimpe mtu yeyote PIN yako kwa madai kwamba anakusaidia kurudisha pesa. Hakuna huduma halali inayohitaji PIN yako kwa simu au kwa ujumbe.

Mwenye gari, ombi la kurudishiwa pesa linatoka kwa aliyetuma, huwezi kuliomba kwa niaba yake. Kwa hiyo msaidie abiria pale pale, usimfokee. Kisha toa stika hiyo. Ukikuta imefunikwa na namba ya mtu mwingine, ipige picha kabla ya kuibandua, uwajulishe viongozi wa sacco, huduma kwa wateja na polisi. Picha hiyo ni ushahidi.

Hesabu ndogo

Bei hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme stika ya bei nafuu ni shilingi 300 na inakaa miezi 6. Stika nzuri yenye laminesheni ni shilingi 1,200 na inakaa miaka 3. Kwa miaka 3, ya kwanza utanunua mara 6, jumla shilingi 1,800. Ya pili ni 1,200 tu.

Sasa ongeza upotevu. Nauli moja ya shilingi 100 ikienda kwingine kila siku kwa siku 12, tayari umepoteza bei ya stika nzuri. Na siku 12 ni muda mfupi kwa tatizo ambalo hakuna anayeliangalia.

Njia rahisi ni kuweka shilingi 10 kila siku ya kazi, ukitumia akaunti ya akiba kwenye simu yako. Kwa siku 300 za kazi ni shilingi 3,000 kwa mwaka: stika ya ndani, ya nje, kadi ya mfukoni, na kinachobaki kinangojea dharura. Akina mama wa Mraru walifika kwenye basi zima kwa kuchangishana kidogo kidogo. Stika haiwezi kutushinda.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, anza na hatua ya pili ya zoezi. Muite mtu asome namba yako kwa sauti. Akisita kwenye tarakimu hata moja, abiria wako wanasita pia.